Boneti Lililongoja Kikombe Kimoja

Kahawa ya kwanza ilikuwa haijapoa mikononi mwa watu pale habari ilipofika kijiweni, nayo ilikuja begani mwa Taarifa, kama zijavyo habari zote za mtaa ule. Taarifa ni kinyozi kwa kazi, lakini redio yake haijui kutua chini. Akinyoa huiweka begani. Bega likichoka huiegemeza kichwani mwa mteja, na mteja huondoka kanyolewa upande mmoja, upande wa pili kajazwa habari.

"Mmesikia?" akauliza, hata salamu hajatoa. "Mchanga umepigwa marufuku."

"Mchanga upi?" akauliza Mizani, mnunuzi wa vyuma chakavu. "Maana nyumba yangu mimi imekaa juu ya mchanga."

"Wa kupigia vyuma. Ule unaopulizwa kwa kompresa kutoa kutu. Wanasema vumbi lake likishaingia mapafuni halina mlango wa kutokea. Fundi atakayekutwa anapuliza mchanga mkavu anabebwa yeye, kompresa na mpira wake."

Benchi zima likageuka kumtazama Breki, kama watu wa msibani wanavyomtazama mfiwa.

Breki alikuwa mwisho wa benchi, mguu wa kulia umekandamiza ardhi. Ndiyo asili ya jina lake. Aliendesha malori mpaka macho yakamwomba ruhusa ya kupumzika, na hadi leo akiona jambo linakwenda kasi, mguu unakanyaga wenyewe. Asubuhi ile ulikanyaga mpaka kandambili ikazama.

Alikuwa na sababu. Nyumbani kwake kuna pikapu kuukuu ambayo mkewe huiita Mke Mwenza, kwa kuwa Breki huiamkia hiyo kabla hajamwamkia yeye. Mjukuu wake wa kwanza alikulia kwenye kiti cha mbele cha pikapu ile. Humo ndimo alimojifunzia kuhesabu, akihesabu mashimo ya barabara, na humo ndimo alimoahidiwa, meno ya mbele yakiwa yamemtoka, kwamba siku ya kuolewa kwake babu ndiye atakayempeleka. Sasa meno yameota, mchumba kapatikana, na harusi ni Jumamosi.

Ila wakwe nao wana macho. Mjomba wa bwana harusi, mtu wa suti hata jua likiwaka, alikuja kulikagua gari. Akalizunguka kimya. Akagusa boneti kwa ncha ya kidole, kidole kikatoka cha kahawia, akakifuta kwa leso kisha akaitazama leso kwa huruma. "Bibi harusi wetu hawezi kupandishwa kutu, mzee wangu," alisema. "Nitapita Ijumaa. Nikiikuta hii, atapanda gari letu."

Na sasa ilikuwa Alhamisi. Boneti na ringi za magurudumu zilikwisha funguliwa, ziko uani kwa fundi nyuma ya kijiwe, na pembeni yake limelala fungu la mchanga uliochekechwa vizuri, ambao umegeuka kuwa kosa la jinai kabla ya kahawa ya pili.

"Mwiteni fundi," akasema Breki.

Fundi akaja, shingoni amening'iniza kitambaa. Jina lake alilopewa na mama yake limesahaulika; watu humwita Inategemea, kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila swali. Ukimwuliza habari za nyumbani, inategemea. Inasemekana hata siku ya ndoa yake, alipoulizwa kama amekubali, ilibidi baba yake mdogo amfinye.

"Fundi," akaanza Breki, "mchanga ndio hivyo tena. Tutatoa kutu kwa nini?"

"Inategemea, mzee."

"Inategemea nini?"

"Na chuma chenyewe. Chuma kinene kina chakula chake, bati jembamba lina chakula chake. Inategemea na kutu, imekaa juu juu au imejenga nyumba. Inategemea na unavyotaka kibaki, laini au chenye mikwaruzo ya kushika rangi."

"Haya, umewapa mada," akasema Mama Birika, mwenye kahawa, huku akikung'uta kikombe. "Leo hapa hatutoki."

Mizani akajisogeza mbele. Yeye hawezi kusema bila kupima hewa kwa viganja, kimoja juu kimoja chini, na kimoja hakina ncha ya kidole cha shahada. Iliondoka na mlango wa lori. "Ndugu zangu, chuma huliwa na chuma. Chukueni chembe za chuma. Unapuliza, unafagia, unazirudisha, unapuliza tena. Zinakaa mpaka wajukuu. Mimi ninazo."

"Tulijua unazo," akasema Dobi. "Wewe hata mgonjwa akikohoa utamwambia dawa yake ni chuma, na unacho."

"Na wewe utamwambia nini? Aloweke kifua?"

Dobi hakutahayari. Ni mfua nguo, mikono yake imekunjamana kwa maji kama ya mtoto aliyezaliwa juzi, na anaamini dunia nzima ina shida moja tu. "Kutu ni uchafu uliokosa kufuliwa kwa wakati," akasema kwa upole. "Basi. Upulizeni unga wa magadi, mpole, hauumizi bati, na ukimaliza unasuuza kwa maji."

"Kusuuza bati tupu kwa maji," akasema Mizani. "Huyu anataka kutu ipate watoto."

"Fundi, magadi yanatoa kutu?" akauliza Breki.

"Yanatoa rangi ya zamani. Yanatoa mafuta. Kutu yenyewe yataiacha pale pale, ila itakuwa safi."

Watu wakacheka mpaka benchi likalia. Dobi akasubiri kicheko kipungue, akanywa kahawa yake, akasema kwamba hata sabuni ilipoanza ilichekwa.

Taarifa akaishusha redio magotini, ishara kwamba sasa anasema mwenyewe. "Ninyi mmebaki nyuma. Nje huko siku hizi wanatumia vishanga vya kioo, vidogo kama punje za chumvi. Chuma kinatoka kinameremeta, unajitazama unachana nywele."

"Nje wapi?" akauliza Mama Birika.

"Nje. Betri ilikuwa imelegea, sikupata sehemu."

"Vishanga ni vya kung'arisha," akasema Inategemea. "Vya duara, havina meno. Kabureta utaipendezesha navyo. Lakini kutu nene kama ya mzee, utakuwa unaivisha mkufu."

"Nimesikia hata magunzi ya mahindi yaliyosagwa yanapulizwa," akasema Mizani.

Mama Birika akaweka birika chini. "Atakayeyagusa magunzi yangu ya jikoni nitampuliza yeye."

"Yanasafisha tu grisi, mama, usihangaike," akasema Inategemea. "Kwa kutu hayafai. Yabaki jikoni."

"Nilisema mimi kwamba hayafai," akasema Mama Birika, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha kuwa hakusema.

Breki aliwasikiliza, kichwa kikienda huku na huku. Kila mmoja alimwuzia kilichomo dukani kwake, na kila mmoja alimwita ndugu. Jua lilipanda. Mguu wake ukaanza kukanyaga. "Jamani, ngoja ngoja yaumiza matumbo, na hapa tumbo ni langu peke yangu. Mjomba yule anakuja kesho. Fundi, mimi nilikuwa dereva. Nikifika njia panda, utingo akaniambia inategemea, nilikuwa namshusha. Ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

Inategemea akajikuna shingo chini ya kitambaa. Ilionekana kwamba jambo hili linamuuma. "Ningeanza na mafuta," akasema hatimaye. "Boneti na ringi zote zina grisi ya miaka. Ukipuliza juu ya grisi unaipachika kutu ndani. Zioshwe kwanza kwa maji ya moto na magadi, zikaushwe juani."

"Nilisema," akasema Dobi.

"Ringi ni nene, zinavumilia. Hizo ningezipiga chembe za chuma."

"Nilisema," akasema Mizani.

"Boneti ni bati. Ukilipiga chembe za chuma litajikunja kama sikio la tembo. Hilo ningelipiga kioo kilichosagwa, chembe ndogo zenye makali, upepo mdogo, mdomo wa mpira uwe mbali, mkono usitulie pahala pamoja."

"Kioo," akasema Taarifa, akairudisha redio begani. "Nani alitaja kioo hapa? Nauliza tu."

Ndivyo mkutano ulivyokwisha kwa amani, jambo ambalo halijapata kutokea, na laiti ungeishia hapo.

Dobi alisugua, jua likakausha. Mchana Inategemea akavaa kofia yake ya kitambaa kizito yenye kidirisha, inayovuta hewa safi kwa mrija kutoka mbali, kwa maana vumbi ni vumbi, liwe la mchanga au la kioo. Akawafukuza wote uani, akashusha turubai. Kompresa ikaguna. Breki alisimama nje akiusikiliza mpira ukipiga kelele kama nyoka mwenye hasira, na kila sauti ilipobadilika, aliinua shingo kama anayesubiri nje ya chumba cha uzazi.

Turubai likafunuliwa. Boneti lilikuwa la kijivu cheupe, kama tumbo la samaki, mororo kwa jicho, halina doa. Breki alilijua gari lile tangu ujana wake, na hakuwahi kuiona ngozi yake.

"Ipakwe praima sasa hivi," akasema Inategemea, akivua kofia. "Ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Chuma kilichovuliwa nguo hakikawii kushikwa na homa."

Breki alikuwa na kopo la praima mkononi, na brashi mfukoni, tangu asubuhi. Alikwisha kuinama kulifungua Taarifa alipomshika bega. "Mzee, kazi kama hii haifunikwi kabla watu hawajaiona. Tulipeleke pale kijiweni, tulitazame kidogo. Fundi, haliwezi kungoja kikombe kimoja?"

"Inategemea," akasema Inategemea.

"Inategemea nini?"

"Na kikombe."

Akarudi kwenye ringi zake.

Wakalibeba kama wanavyobeba bwana harusi, wakaliweka juu ya makreti mbele ya benchi. Mama Birika akamimina. Kwa kuwa benchi lilijaa, Breki akaliweka kopo la praima chini, akalikalia.

"Tazama lilivyoshika," akasema Taarifa, akipitisha kiganja juu ya bati. "Hiki ni kioo hiki. Chembe za chuma zisingetoa kitu kama hiki."

"Chembe za chuma zinafanya ringi saa hii," akasema Mizani, akaweka kiganja chake chote pale pale, kana kwamba analipima uzito. "Na boneti bila ringi ni nini? Ni sinia."

"Mnasahau aliyelisugua," akasema Dobi, mikono yote miwili juu ya bati, bado ina unyevu. "Grisi ingekuwepo mngeona nini? Mngeona grisi."

Kikombe kimoja kikaisha. Cha pili kikaletwa ili hoja ya kwanza ieleweke. Watu waliopita njiani waliitwa waje waamue. Kila mwamuzi alilipapasa bati kwanza, kisha akaamua vibaya. Taarifa alichoka bega, akaituliza redio juu ya boneti, kwa miguu yake minne. Mama Birika, akikosa pa kuweka kikombe, akakiweka hapo hapo, kikaacha duara la kahawa, akalifuta kwa kitambaa kibichi.

Mguu wa Breki ulikanyaga. Ulikanyaga mara kadhaa. Lakini ni miaka mingi tangu watu wakusanyike kulisifu gari lake, na sifa ni tamu hata kwa mwenye haraka. Yeye mwenyewe aliweka kiganja chake karibu na ukingo, polepole, kama unavyomshika mtu shavu. Kila aliposema "Haya sasa, praima," mtu alimwambia "Tunamalizia, mzee," na praima ilikuwa chini yake, inamsikia.

Jua likazama hawajamaliza. Manyunyu yakaanza. Wakalisogeza boneti chini ya upenu, wakaagana. "Kesho alfajiri tunapaka," akasema Mizani. "Chuma ni chuma. Hakiwezi kuoza kwa usiku mmoja."

Asubuhi ya Ijumaa Breki alifika wa kwanza. Alisimama mbele ya upenu, mguu ukakanyaga, na safari hii hapakuwa na cha kusimamisha.

Boneti lilikuwa limejaa viganja. Viganja vya kahawia juu ya kijivu, vimechorwa na jasho lao wenyewe, vidole vyote vimetandaa, wazi kama muhuri. Kwingine kote bati lilikuwa limekaza roho, lakini kila walipogusa, kutu ilikuwa imerudi kushuhudia.

Wengine wakafika mmoja mmoja.

"Huu si mkono wangu," akasema Mizani, kabla ya kuulizwa.

"Kiganja hiki hakina ncha ya kidole cha shahada," akasema Mama Birika. "Au mtaani tuna Mizani wawili?"

"Kidole kinaweza kukunjwa."

"Na hiki chenye makunyanzi kama zabibu kavu?"

Dobi akaficha mikono kwapani. "Mimi jana niliwahi kuondoka. Nilikuwa na shuka za watu."

"Na hizi alama nne za miguu midogo?" akaendelea Mama Birika. "Ng'ombe alipita?"

Taarifa akaishusha redio taratibu kutoka begani, akaitazama chini, kisha akaishika nyuma ya mgongo. "Na lile duara pale?" akauliza. "Lina ukubwa wa kikombe."

"Vikombe viko vingi duniani," akasema Mama Birika.

"Fundi," akasema Breki, "tupige tena upesi. Utaweza?"

"Inategemea na umeme," akasema Inategemea.

"Upo?"

"Haupo."

Ndipo likasimama gari jeusi linalong'aa, akashuka mjomba katika suti, na nyuma yake mjukuu, kitambaa kichwani, mikono ina hina ambayo bado hairuhusiwi kushika kitu. Benchi zima likasimama, likajipanga mbele ya upenu kama ukuta. Lakini ukuta wa wanywa kahawa una matundu.

"Naona bado," akasema mjomba.

Breki akapita katikati ya wenzake, akasimama mbele. "Bado," akasema. "Lilisafishwa, baba, likasafika kweli kweli. Nikawa na praima, nikaikalia. Nilisikiliza maneno mpaka jua likazama. Mchumba wangu," akamgeukia mjukuu, kama alivyomwita tangu akiwa mdogo, "nenda na gari la wakwe zako. Babu nitakuja nyuma kwa miguu. Si mbali."

Mjukuu alikwisha inama. Aliangalia viganja vile kimoja kimoja, midomo ikitembea, kama alivyokuwa akihesabu mashimo. Karibu na ukingo akakikuta kimoja chenye dole gumba lililopinda nje, dole lililopinda kwa miaka ya kushika usukani. Akausogeza mkono wake juu yake bila kugusa, hina juu ya kutu, rangi karibu moja.

"Babu, hiki ni chako."

"Ni changu. Ni uzembe wangu huo, mama. Uuangalie vizuri."

"Na hiki cha Mizani, aliyenipa kengele ya baiskeli. Na hiki Dobi." Akacheka, mkono wa hina mbele ya mdomo. "Mmenipigia mihuri wote. Siku nyingine zote mnashindwa kusaini hata mchango wa maziko." Akamgeukia mjomba. "Mimi nimepaka mikono kwa ajili ya kesho, na gari langu limepaka mikono. Atakayenipandisha lile lingine anibebe."

"Lakini ni kutu, binti."

"Ikipakwa vanishi, ile isiyoficha kilicho chini yake, kutu inaendelea?" akamwuliza Inategemea.

Watu wakakunja nyuso, wakijua kinachokuja. Fundi alilitazama bati, akalitazama jua lililoanza kutoka, akamtazama binti. "Ikifutwa unyevu, ikapakwa vanishi mbili sasa hivi, kwa kesho itakaa," akasema. "Baada ya hapo..." Mama Birika akamkanyaga mguu, naye akaishia hapo.

Mjomba akalizunguka boneti mara moja, polepole. Akatoa simu, akapiga picha. Akainama, akapiga ya karibu. "Hivi," akauliza kwa sauti ya chini, "ni mtindo?"

"Mpya," akasema Taarifa. "Huko nje ndio wanaanza."

"Huu hapa mkono wangu mimi," akasema Mizani, akikionyesha kidole kisicho na ncha. "Huwezi kuughushi."

"Wangu ni miwili," akasema Dobi. "Nilibaki mpaka mwisho jana, wenzangu wanajua. Shuka za watu ziliningoja."

"Duara lile ndilo katikati ya pambo lote," akasema Mama Birika. "Bila duara mngeona nini? Vidole tu."

Mpita njia mmoja, ambaye jana alikuwa kwao kijiji cha pili, naye akasogea akitafuta kiganja kinachomlingana.

Breki akasikia mguu wake ukiinuka ardhini. Akautazama, akashangaa. Lakini Mama Birika alikuwa amewaona wote wakianza kurudi kwenye benchi kuujadili mtindo. Akalipindua benchi miguu juu, akavikusanya vikombe vyote, akalifunika birika kwa sufuria. Akamfikishia Inategemea kopo la vanishi kutoka uani, akagawa brashi: moja kwa Mizani, moja kwa Dobi, moja akampachika Taarifa pale pale redio ilipokuwa.

Mjomba akavua koti, akajifuta jasho kwa leso ile ile. "Mama," akasema, "kumbe hapa ni penye kahawa. Tunaweza kupata kikombe kimoja wakati wanafanya kazi?"

"Inategemea," akasema Mama Birika, na akampa brashi.